Mota Haifi Kama Kuku

Ndani ya gari la abiria aina ya Noah lililotoka Kyela, Mama Tulia alimpakata bintiye. Mbele yake mvuvi Geresoni alikuwa akichokonoa kwa vidole panga la kusukumia maji la mota ya betri ya mtumbwi wake.

"Chomoa betri kwanza, baba!" akasema Mama Tulia.

"Imekufa tangu jana, mama. Betri imeisha," akajibu Geresoni. "Waya umelegea," akabisha Jairo, abiria wa pembeni.

Mama Tulia akamvuta mvuvi mkono, na papo hapo Noah ikaruka shimo. Mota ikanguruma, ikatafuna pindo la kanga ya mama huyo.

"Si nilisema waya!" akapaza sauti Jairo.

"Betri imeamka!" akajibu Geresoni.

Mama Tulia akachomoa kibano cha betri, akakishikilia mpaka Tukuyu. "Sikirudishi. Kwanza mhesabie mtoto vidole vyako."

Geresoni akahesabu mpaka kumi, akicheka. "Waya," akanong'ona Jairo.