Cyprien Bulonza, Mchoraji wa Ufufuko wa Kasha

Papa Cyprien Bulonza, ambaye kwenye kitambulisho alibaki Bulonza tu tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali mwaka 1972, alizaliwa kijiji cha Miti tarehe 9 Machi 1931, kifungua mimba wa mzee Donatien na mama Cibalonza, wakulima.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa sita. Alichapwa kwa kuchora ukutani kwa mkaa, na sikio la kufa halisikii dawa: kesho yake alichora tena.

Mwaka 1951 alishuka Bukavu, akawa mchoraji wa vibao vya maduka. Fundi cherehani mmoja, Madeleine, alimwagiza kibao. Cyprien alichanganya buluu kutwa nzima, akampelekea kibao kizuri mno kisicho na herufi hata moja. "Sasa batu batasoma nini?" Madeleine akauliza, akicheka. Walifunga ndoa Katana tarehe 12 Julai 1958.

Mwaka 1976 parokia yetu ya Kasha ilimwomba picha ya Ufufuko, ikae nyuma ya altare. Alifunga, akasali, akapaka juu ya ubao mwembamba wa triplex: weusi chini, wekundu uliochanika, na manjano iliyopenya toka pembeni. Hapakuwa na kaburi, askari wala mtu.

"Papa Cyprien, Yezu iko wapi?" akina mama walimuuliza.

"Sura yake siyaionaka," akajibu. "Nilipaka vile naombaka."

Kwaresima ya 1977 picha ilifunikwa kwa kitambaa cha zambarau, kama sanamu zote. Pasaka ilipofika sanamu zilifunuliwa, yake ikaachwa. "Tungoje batu bazoee," wazee wa parokia walisema. Watazoeaje wasichokiona? Kila Pasaka alivaa suti yake ya abacost, akakaa benchi la mbele, akakitazama kile kitambaa mpaka misa iishe. Hakupaka tena sala yake. Iliuma, na tuliomwona tulinyamaza.

Mwaka jana kifua kilimshika. Madeleine aliogopa jambo moja, kwamba mumewe angeondoka kabla picha haijafunuliwa. Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, akiwa kitandani hospitali ya Katana, Cyprien aliuliza: "Balishaondoa kile kitambaa?"

"Bado, papa," Madeleine alimjibu, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya. Cyprien alifariki Alhamisi, tarehe 26 Aprili 1984.

Jana, Madeleine alipoomba picha ifunuliwe kwa ajili ya misa hii ya mazishi, wazee walikubali. Katekista Anaclet alipanda ngazi. Paa lilikuwa limevuja miaka yote hiyo. Rangi ilikuwa imegandana na kitambaa, ikabanduka nacho, kikabaki kipande cha triplex chenye ukungu. 

"Mufunike tena," Madeleine akasema.

Marehemu ameacha mjane, Madeleine. Watoto wawili, Monique na Adalbert. Na dada yake, Virginie.

Apumzike kwa amani ya Bwana. Hana tena Pasaka ya kungojea.