Siku Niliyoruka Kamba ya Posho

Akina mama, mimi kusimama mbele naogopa, lakini leo wacha niseme, maana mlinibebea maji miezi mingi na hamkuniuliza kitu.

Mnajua vile mimi si mtu wa kuamini watu. Hapo Kivaa kwenye mashine ya posho, nilikuwa na hakika msagaji ananiibia unga. Nikifika nyumbani naona debe halijai. Siku moja nikaruka ile kamba ya kuzuia wateja wasikaribie mashine, nikaenda kushika gunia mwenyewe. Akapiga kelele, "Mama, toka hapo, belti haina kifuniko!" Nikamjibu, "Kumbe hutaki nione?" Nikainama. Leso ikashikwa na belti, ikavuta mkono. Ngai! Vidole vitatu vilikatika, vikabaki pale.

Nikamshtaki mwenye mashine. Akasema nilijipeleka mwenyewe, yeye hana lawama hata kidogo. Wakili wangu naye, kila nikienda: "Mama, ulionywa?" Ndugu zangu, nawaambia, niliona huyu amenunuliwa. Nikamwambia hakuna aliyenionya.

Siku ya kesi, Machakos, nikamkuta msagaji nje ya korti, ameletwa na tajiri wake, huyo mwenye mashine. Nikajua amekuja kunizika. Basi nilipoulizwa kama nilionywa, nikaona afadhali niseme kabla yeye hajaniumbua. Nikasema, "Ndiyo. Alinionya, nikamdharau." Wakili wangu akafumba macho.

Msagaji akaingia. Akasema, "Nilimwonya. Lakini kifuniko alikitoa tajiri, ati kinachelewesha kazi. Nilimwomba akirudishe mpaka nikachoka." Alisema hivyo tajiri akimwangalia usoni.

Hakimu akasema anayekaribisha watu kwenye mashine yake lazima awalinde, hata wabishi. Lakini mimi nilisikia onyo nikapuuza. Robo tatu ya lawama ikawa ya mwenye mashine, robo yangu, na fidia ikakatwa hiyo robo. Sikunung'unika. Robo hiyo naijua vizuri, ni yangu kabisa.

Asanteni nyinyi. Asante kwa wakili, ambaye nilimsingizia moyoni bure. Alitaka tu kujua kosa langu kabla wengine hawajalitumia. Na msagaji alifutwa kazi wiki hiyo hiyo, kwa sababu yangu mimi niliyemwita mwizi. Nililia. Akina mama, kabla hujamshuku mtu, sikiza kwanza anakwambia nini.

Siku hizi anasaga kwa mtu mwingine, soko la pili. Napeleka mahindi huko. Naketi nje, mashine nimeipa mgongo, nangoja aniite. Na unga sijaupima tena.