Josphat Mutunga Matheka, Aliyechonga Sungura Mwenye Hofu

Bwana asifiwe sana. Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu Waislamu wa ploti yetu ambao mmekaa nasi tangu siku ya kwanza ya matanga, na nyinyi nyote mliofika hapa Huruma kumsindikiza ndugu yetu kabla ya safari ya Wamunyu, mimi naitwa Naftaly, mdogo wake marehemu wa kufuatana, dereva kwa kazi, na familia imenipa karatasi hii niisome ijapokuwa si msomaji mzuri, kwa hivyo mkiona nimesimama katikati ya sentensi mnivumilie, ni macho, na pengine si macho.

Marehemu Josphat Mutunga Matheka alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Wamunyu, Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Matheka na mama yetu Kathini, ambaye ameketi hapa mbele, haoni vizuri siku hizi lakini anasikia kila kitu, kwa hivyo nitajaribu kusoma ukweli mtupu. Alianza shule ya msingi pale kijijini mwaka wa 1974 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1980, akapita, ila nyumbani hakukuwa na kitu, na badala ya sekondari akapelekwa kwa baba yetu mdogo kujifunza kuchonga, ambako alikaa miaka minne akiharibu vipande vya mti mpaka mkono ukakubali.

Mwaka wa 1985 alikuja Nairobi, akakaa Ziwani kwa ndugu wa ukoo aliyekuwa karani, akaingia karakana ya wachongaji karibu na Gikomba, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka kifua kilipomkataza. Wenzake mko hapa na mnaweza kushuhudia, watalii hupenda mnyama anayecheka, na marehemu alijua kumchekesha mnyama kuliko yeyote, twiga wake walicheka, hata kifaru wake alicheka, na mimi nikimtania kwamba huko porini hakuna kitu cha kuchekesha namna hiyo, alinijibu, "Naftaly, wewe endesha gari."

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa takatifu na dada yetu Nzilani, na Mungu akawapa watoto wawili, Matheka aliyezaliwa mwaka wa 1995, ambaye ni kibarua Industrial Area, na Kavindu aliyezaliwa mwaka wa 1999, mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka wa 1996 walihamia hapa Huruma, orofa ya mwisho kabisa, na kwa kuwa juu yao palikuwa na paa tupu la kuanikia nguo, mwaka wa 2009 Nzilani aliomba ruhusa ya mwenye nyumba akaanza kufuga sungura, na wateja wake wakubwa wakawa maabara moja ya utafiti wa dawa kule Industrial Area, na hao sungura ndio waliowasomesha watoto, hilo lazima lisemwe.

Wengi mmeniuliza tangu asubuhi kile kitu kilichowekwa pale mezani kando ya picha ya marehemu ni nini, na wengine mmedhani ni kinyago, jambo ambalo Mchungaji naye aliniuliza kwa wasiwasi. Ni sungura wa mti, na sasa nafika kwake.

Tarehe 6 Juni 2016 Nzilani alikuwa mgonjwa, na marehemu akapeleka sungura maabara yeye mwenyewe, na kwa kuwa aliyepaswa kuwapokea alikuwa bado kazini, aliambiwa asubiri ndani. Akaona wanafunzi wa pale wakijifunza kutoa damu kwenye sikio la sungura, wanadunga wanakosa, wanadunga tena, na sungura ambaye masikio yake yameisha anapelekwa nyuma kumalizwa, anachukuliwa mwingine. Jioni alinipata nikiosha gari, akaniambia, "Wale watoto si wabaya, wanajifunza kwa mnyama kama sisi tulivyojifunza kwa kipande cha mti, ukikosea unatupa." Nilimwambia aache kujisumbua, sungura ni kitoweo, na yeye mwenyewe alikuwa amewala kwa miaka mingi akisifu mchuzi, akasema ni kweli, halafu akasema, "Basi wapewe mti."

Alichonga sungura wa kwanza kwa mti wa mkaranda, akampiga msasa, akampaka rangi ya viatu mpaka akang'aa, akamfunga kwa gazeti akampelekea Daktari Raho, anayefundisha wale wanafunzi, ambaye yuko nasi leo. Wanafunzi walicheka sana, mmoja akasema, "Mzae, huyu sungura wako ni kama amelipwa mshahara leo." Daktari hakucheka, alimgeuzageuza yule sungura akasema, "Mzee Mutunga, kazi ni safi, lakini wetu hakai kichwa juu akichekelea wageni, wetu anaogopa, na kijana akijifunza kwa huyu, siku akishika anayeogopa atamuumiza."

Maneno hayo yalimwingia. Mtu aliyechekesha wanyama zaidi ya miaka thelathini alipanda juu ya paa, akaketi kwenye ndoo katikati ya nguo za watu, akawatazama sungura wa mke wake wiki baada ya wiki, jinsi mgongo unavyopinda mtu akikaribia, masikio yanavyolala, mguu wa nyuma unavyopiga chini kuwaonya wenzake, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba Baba Matheka ameguswa kichwa. Mohamednur wa duka la chini, ambaye ni rafiki yake wa kweli, alipanda kumwuliza anatafuta nini huko juu, akajibiwa, "Natafuta uoga, nimewafuga siku hizi zote na sikuwahi kuuona." Kisha akachonga tena, mnyama amejikunja, na masikio akayatengeneza kwa mpira mwembamba wa glavu, ndani akapitisha vijibomba vidogo vya maji mekundu, ukidunga vizuri maji yanatoka, ukikosea hakuna anayeumia. Februari 2018 maabara ilimkubali sungura huyo, akachonga saba, na tangu siku hiyo wanafunzi wakajifunza kwa mti, maabara ikaacha kununua sungura wa kufundishia.

Mtaona kwamba kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameziba riziki ya nyumba yake. Alimwambia Nzilani, "Mama Matheka, nimekufuta kazi," na Nzilani, ambaye mnamjua mdomo wake, akajibu, "Haya, Jumapili tutapika hao wa mti, wewe utanunua nyanya." Lakini hakumkataza, na sungura waliobaki aliendelea kuwafuga kidogokidogo. Wala nisiwadanganye kwamba alimaliza mambo yote, kwa maana dawa zenyewe za maabara zilikuwa bado zinapimwa kwa sungura wachache wenye uhai ili waone kama zitaleta homa, na Daktari alimweleza kwamba mti haupati homa, ila kuna njia ya kupima kwa damu kidogo ya watu waliojitolea, ndani ya chupa, bila mnyama, na vyombo vyake vimeombwa. Kila alipokwenda kubadilisha masikio yaliyochakaa aliuliza kama vyombo vimefika, na kila mara aliambiwa bado.

Ugonjwa ulianza Mei 2023 kwa kikohozi kikavu, na baada ya kuzunguka hospitali kadhaa tuliambiwa mapafu yamekuwa magumu, huenda kwa vumbi la mti alilovuta maisha yake yote bila kujifunika pua, na kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Kufikia Februari 2025 hakuweza kupumua bila oksijeni, akalala nyumbani na mashine, na stima ikipotea, nanyi mnajua Huruma, ilibidi tuwe na mitungi ya hewa. Kanisa lilichanga, karakana ikachanga, Mohamednur akatoa bila kuandika deni, tukafika mahali ambapo hatukuwa na mtu mwingine wa kumtazama usoni. Na kwa kuwa marehemu hakuweza tena kushika hata wembe, masikio ya sungura wa mti yalipasuka moja baada ya jingine bila wa kuyabadilisha, na mwezi wa Juni maabara ikampigia Nzilani, wanafunzi wapya wameingia, je, bado ana sungura?

Alikuwa nao. Mimi ndiye niliyewabeba kwa gari, na kila niliposhusha kizimba Industrial Area nilipandisha mtungi, na njiani nilikuwa naomba, wapendwa, nitasema kwa kuwa niko mbele za Mungu, sikuwaombea hao wanyama, niliomba wasiishe.

Siku moja mchana alimwuliza mke wake, "Mbona juu kumenyamaza?" kwa maana kitanda kilikuwa chini ya vizimba na alizoea kusikia ile miguu ikipiga. Nzilani hajui kusema uongo, akamweleza. Marehemu aliondoa kifuniko cha hewa usoni, Nzilani akakirudisha, akakiondoa tena, Nzilani akakirudisha akakishikilia kwa mikono miwili, akamwambia, "Mutunga, nimekosa njia, ukikitoa nitakuwa nimewauza bure." Akaacha. Hakukitoa tena, na sijui kama huko ni kukubali au ni kuchoka, na Nzilani naye hajui.

Baada ya hapo aliniomba nilete glavu na vijibomba, akanielekeza kwa kidole jinsi ya kukata sikio, na mimi nikakata, lakini hii mikono imezoea usukani, kila sikio nililofunga lilivuja, maji mekundu yakanimwagikia suruali, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akasema, "Naftaly, wewe endesha gari." Nilijaribu mpaka glavu zikaisha. Hata moja halikushika maji. Alilala katika Bwana Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na mtungi ulikuwa bado na hewa ndani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutuficha kitu, inawashukuru wachongaji wa karakana kwa jeneza mlilolitengeneza kwa mikono yenu, majirani wa ploti mliopandisha mitungi ngazi zote zile, Mohamednur na nyumba yake yote, na Mchungaji kwa maombi. Tunamshukuru Daktari Raho, aliyetuletea huyu sungura leo, mnaona hana masikio, na ameniambia nje hapo kwamba vyombo bado havijafika na darasa linaendelea Jumatatu.

Kuna shukrani moja zaidi ambayo Nzilani ameitaka iandikwe, nami sikujua kama inaruhusiwa kanisani, nikamwuliza Mchungaji, akafikiri, akaniambia isome. Tunawashukuru wale sungura, ambao hawakuulizwa, kwa kuwa ndugu yetu alipumua kwa gharama yao kuanzia Juni mpaka Oktoba, baada ya yeye kufanya alichoweza ili waachwe. Hatuna tunachoweza kuwarudishia, na yule mmoja aliyebaki juu ya paa tumekubaliana hataguswa, jambo ambalo tunajua ni dogo.

Kaka, sijajua kufunga sikio. Pumzika kwa amani ya Mungu, upumue sasa bila deni kwa kiumbe chochote.