Mzee Masega na Mizinga Arobaini na Moja

Marehemu mume wangu, mliyemwita Mzee Masega, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 katika nyumba za vibarua, upande wa juu wa shamba hili. Mama mkwe alisema siku hiyo nyuki mmoja alitua puani mwake, naye hakulia. Nikisimulia mimi huwa saba, na leo msinipunguzie.

Alisoma hadi darasa la nne. Siku aliyokwenda na nyuki mfukoni, mwalimu alitorokea dirishani, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1966 alikabidhiwa kazi ya mizinga ya shamba. Aliichonga mwenyewe kwa magogo, akaitundika mitini juu ya maua ya porini, akavuna kwa moshi, mikono mitupu. Kila mzinga aliuachia masega mawili. Nikanung'unika, akaniambia, "Mama, hiyo ni nyumba ya watu. Utaingia kwa watu ukombe mpaka sufuria?"

Tulifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972. Kundi zima la nyuki lilitua kwenye kofia yake. Shangazi akapiga kelele, "Mwanangu, unaolewa na mwanamume au na mzinga?" Nikamjibu, "Vyote viwili, Shangazi. Sogea usiumwe."

Oktoba 2023 msimamizi mpya alisema dawa ya wadudu ingepulizwa Jumanne, tarehe 17. Alfajiri marehemu aliziba milango yote ya mizinga kwa matambara mabichi. Mashine hazikuja. Jumatano pia, kimya. Joto likazidi, nyuki wakanguruma ndani. "Watanifia humu," akasema, na mchana akafungua yote. Saa kumi jioni mashine zikaja, nyuki wote wako mauani.

Asubuhi yake nyuki walikuwa wametapakaa chini, wamekufa. Aliwazoa kwa viganja, hakutaka ufagio. Msimamizi akasema, "Pole mzee, watakuja wengine." Yeye akaendelea kuzoa. Nikamwambia kosa si lake. Akasema, "Aliyefungua ni mimi."

Tangu hapo chakula hakikushuka. Daktari aliandika ni moyo. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake nimeushika mimi.

Ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu saba, na mizinga arobaini na moja, yote mitupu.

Mnaniuliza kama nyuki walikuja kumuaga. Mnajua mimi kuongeza chumvi sishindwi. Hakuja hata mmoja.

Alale sasa, baba wa wanangu. Alichoka.