Kikohozi cha Byabato na Kahawa ya Kutafuna

Kijiwe chetu cha Nyaishozi kipo kando ya barabara, mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Bukoba. Benchi ni la kanisa. Lilivunjika mguu mmoja wakati wa mkutano wa injili, Mchungaji akaniruhusu nilichukue, na sasa mguu huo ni tofali. Hapo tunakaa baada ya kazi za shamba, tunatafuna kahawa. Kwetu Wanyambo kahawa haiishii kwenye kikombe. Tunaichuma mbichi, tunaichemsha na majani yenye harufu nzuri, tunaianika mpaka ikauke, kisha mtu akija anapokewa kwa punje chache kiganjani. Zamani tuliiweka kwenye kikapu kidogo alichosuka marehemu mke wangu, Eustadia, lakini mbuzi alikila kikapu pamoja na kahawa yake, akakesha akirukaruka. Tangu wiki iliyopita tunatumia kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, alicholeta Byabato. Kahawa haipati unyevu tena, na wote tulikisifu kikopo hicho.

Siku ninayoisema, Byabato alifika akikohoa. Alianza kukohoa wakati wa kupalilia maharage, na maharage yenyewe tulikwisha kuyala. Tunamwita Tarumbeta, kwa sababu ndiye anayepiga tarumbeta kubwa kanisani. Jumamosi alitakiwa kupiga nyumbani kwangu, siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Eustadia. Eustadia mwenyewe alimwomba hivyo alipokuwa kitandani, naye akaahidi. Akakaa, akafuta mdomo, akatangaza:

— Kesho alfajiri nakwenda Nyakatuntu. Kuna mzee kule anakata kimio. Nikikatwa kesho, Jumamosi napiga.

Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya ulimi. Wapo wanaoamini kwamba kikirefuka kinachokonoa koo, na mtu anakohoa mpaka kikatwe.

— Umefikiri vizuri, akasema Muhwezi. Huyu ni mfugaji, tunamwita Bwana Mifugo ingawa hakuna aliyemwajiri. Akaongeza: Mimi ndiye niliyemwelekeza. Yule mzee ana kisu kama mundu mdogo. Anakwambia "sema aaa", kabla hujafika mwisho wa aaa, kimio kiko chini.

— Mimi nadhani, nikasema, kabla mtu hajaenda mpaka Nyakatuntu...

— Na anachanja bila ganzi, Muhwezi akaendelea. Ganzi ni ya watu wa mjini.

Mimi huongea polepole. Kijiweni wananiita Amina. Wanadai nikiombea chakula, chakula kinapoa kabla ya kufika amina.

— Mnataka kumuua mtu, akasema Evaristi.

Evaristi tunamwita Wodi. Alilazwa hospitali kwa ajili ya mguu, akarudi na mguu ule ule na maneno ya kifua. Kitanda chake kilikuwa jirani na mgonjwa ambaye wanafunzi wa udaktari walifundishiwa kwake kila asubuhi.

— Kimio hakihusiki hata kidogo, akasema Wodi. Hewa inaingia puani, inapita kwenye koromeo, inafika kwenye zoloto. Hapo juu yake pana mlango, unaitwa kidakatonge. Ukimeza unafunga, ukivuta pumzi unafungua. Chini yake kuna trakea. Trakea inazaa bronki mbili, ya kulia na ya kushoto. Bronki zinazaa bronkioli. Bronkioli zinazaa alveoli.

— Na baba yao nani? akauliza Gideon.

— Wewe Kabureta usiingilie sayansi.

— Nauliza tu, tata. Ukoo mkubwa namna hiyo lazima una kesi ya shamba.

Gideon ni dereva wa bodaboda, ndiyo maana tunamwita Kabureta. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa hapo hapo, naye alikuwa ameshika kikopo cha kahawa, akitugawia punje moja moja kama anayegawa ushirika mtakatifu.

— Mimi nimechinja ng'ombe tangu sijaota ndevu, akasema Muhwezi. Nimekuta bomba la hewa, nimekuta mapafu, nimekuta bandama. Hizo bronki sijazikuta.

— Ng'ombe hana bronki?

— Labda wa kwenu. Wa kwangu ni wa kienyeji.

— Mapafu yake huwa unayapasua ukaangalia?

— Nawapa mbwa. Waulize mbwa.

Byabato akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Tukangoja amalize. Alipomaliza, Gideon akampa punje mbili badala ya moja.

— Ninyi mnazunguka, akasema Gideon. Mtu ni injini. Pua ni chujio la hewa, kifua ni silinda. Pikipiki ikikohoa mlimani Ihanda, sisi hatukati kitu chochote. Tunafungua chujio, tunapuliza vumbi. Tarumbeta apelekwe hapo kwa fundi wa tairi, apachikwe pampu puani, apuliziwe. Vumbi lote litatokea kwenye ekzosi.

— Mdomoni? akauliza Byabato.

— Ekzosi ya mtu haiko mdomoni, akasema Muhwezi.

— Ndiyo maana nasema fundi asimame pembeni.

— Mimi nadhani, nikasema, kabla mtu hajapachikwa pampu...

— Wahenga walisema, Gideon akanipita, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Maji yameingia kifuani. Watu tumemsifu mno kila Jumapili.

— Hapo sasa umegusa pleura! Wodi akapiga goti lake kwa furaha. Pleura ni utando unaofunika mapafu, kama jani la mgomba linavyofunika ndizi kwenye sufuria. Maji yakikaa kati ya jani na ndizi, basi. Lakini huyu hana maji. Huyu ana mgomo.

— Mgomo wa nani?

— Wa pafu la kushoto. Sikilizeni. Pafu la kulia lina vyumba vitatu, la kushoto lina viwili, kwa sababu moyo umechukua nafasi upande ule. Hilo walifundishwa mbele yangu, nikasikia kwa masikio haya. Sasa Tarumbeta anashika chombo kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo anapuliza kwa pafu la kulia. Miaka yote hiyo la kushoto halijapewa hata ubeti mmoja. Limesusa. Akilibadilisha tarumbeta likaenda mkono wa kushoto, kikohozi kinakwisha Alhamisi.

— Walifundishwa na hilo la mgomo?

— La mgomo nimelimalizia mwenyewe.

Muhwezi akatema ganda la kahawa. Alikuwa na neno la kwake, na tuliona likija.

— Kosa si la pafu. Kosa ni la chombo. Lile tarumbeta lilitoka wapi?

— Ujerumani, akajibu Byabato. Lilikuja na wamisionari.

— Nani alilipiga kwanza?

— Mjerumani.

— Alikufa?

— Kwa umri huo lazima alikufa.

— Basi. Alikufa, kikohozi chake kikabaki humo ndani kwenye mabomba. Tarumbeta anapopuliza anatoa wimbo, anapovuta pumzi anavuta Mjerumani. Msikilizeni anavyokohoa. Mnyambo gani anakohoa hivyo?

Byabato akakohoa, na nakiri mbele za Mungu kwamba tulisikiliza kwa makini.

— Kweli kuna ugeni kidogo, akasema Gideon.

— Tarumbeta lichemshwe, akaamua Muhwezi. Lichemshwe kwenye pombe ya rubisi, kisha...

Hakumaliza. Byabato alikuwa ameinama mpaka kichwa kikafika kwenye magoti, na kikohozi hakikuwa cha kuchekesha tena. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa. Kilipotulia alitazama leso yake, akaikunja upesi, akaitia mfukoni. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona alichokiona.

— Mke wangu, nikasema.

Kwa kuwa nilimtaja marehemu, wakanyamaza.

— Mke wangu alipokuwa anakohoa, watu walikuja kumtazama, kila mmoja na jina lake. Huyu alisema moshi wa jikoni. Huyu baridi. Huyu jirani. Mwishoni kabisa tukafika hospitali, wakatupa jina lenyewe. Lilikuwa refu. Nililikariri vizuri, kama mstari wa Biblia. Nikaenda nalo mpaka kaburini kwake. Kwa hiyo, Byabato, ninachotaka kusema...

— Ndiyo maana mimi sitaki jina, akasema Byabato. Nataka kukatwa tu, yaishe. Mzee Amina, wakinipima wakasema kifua kikuu, Mchungaji ataniachia tarumbeta? Mwenye kifua kikuu anapewa chombo cha kupuliza? Na Jumamosi nani atapiga? Nilimwahidi mama Eustadia. Alinishika mkono huu hapa.

Sina jibu la haraka kwa jambo lolote. Gideon akaona aokoe mazungumzo:

— Haraka haraka haina baraka.

— Sawasawa, akasema Muhwezi. Kwa hiyo awahi Nyakatuntu alfajiri.

Hapo ndipo tulipomwona Agnetha, mke wa Byabato, akivuka barabara na kikapu cha sokoni kichwani. Wanawake wa hapa hawasimami kijiweni kwetu. Wanapita, wanasalimia, na wakishafika mbali wanacheka. Agnetha alisimama.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama Projestus.

— Karibu kahawa, waitu, akasema Gideon, akamnyooshea kikopo kwa adabu zote.

Agnetha hakunyoosha mkono. Alikuwa anamtazama mume wake.

— Baba Projestus, nimekutana na nesi sokoni. Anauliza, na mimi nauliza. Kile kikopo ulichopewa zahanati utemee makohozi, kiko wapi?

Mkono wa Gideon ulibaki hewani na kikopo. Muhwezi akakitazama kikopo, akakitazama kifuniko chake cha kuzungusha, akavua kofia. Wodi alikuwa na punje shavuni. Mtu aliyejua kila mlango na kila kichochoro tangu puani mpaka kwenye alveoli, sasa hakujua punje ile aipitishe wapi.

— Kilikuwa safi, akasema Byabato kwa sauti ndogo. Sikutema hata mara moja.

— Najua hukutema. Ndiyo maana nimekuja.

Agnetha akakitwaa kikopo mkononi mwa Gideon, akakigeuza. Kahawa yote ikamwagika kwenye vumbi. Kuku wa jirani akaja mbio, akaiangalia, akaondoka. Hivyo ndivyo kahawa ilivyoisha siku ile.

— Wiki nzima, akasema Agnetha. Wiki nzima nadhani umepeleka, nangoja majibu, nakuombea usiku. Kumbe watu wazima mnakilamba hapa!

— Hatukilambi, mama, akasema Gideon. Tunachota.

— Nyamaza, Kabureta, akasema Muhwezi.

Byabato aliinamisha kichwa. Akasema tena, kama mtoto anayeshikilia neno moja, kwamba alimwahidi mama Eustadia. Ndipo nikaona kwamba neno nililolihitaji lilikuwa kwangu tangu mwanzo, ila si neno zuri la kusema juu ya marehemu wiki ya kuwekewa msalaba.

— Byabato, nikasema. Eustadia alikuwa hapendi tarumbeta lako.

Hakuna aliyenikatiza.

— Unakumbuka alikuwa akikaa mbele, na ukianza kupiga anainama, watu wanadhani anasali? Hakuwa anasali. Alikuwa ameziba masikio. Tukifika nyumbani alisema ndama wa Muhwezi akimkosa mama yake analia kwa mpangilio zaidi.

— Ndama wangu yupi? akauliza Muhwezi, na uso wake ulionyesha kwamba amefurahi.

— Sasa mbona aliniomba nimpigie? akasema Byabato.

— Kwa sababu alikupenda wewe. Alijua ukiahidi kupiga, utajitunza mpaka siku yenyewe. Msalaba ni wa mti mgumu, nimeuweka ndani, hauna haraka. Nitamwambia Mchungaji tusogeze siku. Nenda katoe makohozi. Ukikutwa na kifua kikuu, kuna dawa, utameza mpaka mwisho. Ukipona utakuja kumpigia, naye atavumilia, kwa neema ya Mungu.

Byabato akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Agnetha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, halafu akamshika mume wake kiwiko, akamsimamisha.

Gideon alikuwa ameshawasha pikipiki. Hakutaja nauli. Byabato akapanda katikati, Agnetha nyuma na kikapu chake, wakaondoka kuelekea zahanati. Hakuna aliyetaja Nyakatuntu.

Tukabaki watatu. Wodi alikuwa ameitema punje yake kwenye majani, akifuta ulimi kwa mkono wa shati.

Muhwezi akakohoa. Kikohozi kidogo tu, mara moja.

— Ni ganda la kahawa, akasema haraka.

Wodi akasogea mbali naye mpaka mwisho wa benchi. Tofali likateleza, benchi likainama, na wote watatu tukaenda chini, mfugaji, msomi na mzee wa kanisa.

— Twendeni, nikasema nikiwa bado nimelala vumbini.

— Wapi?

— Zahanati. Mtu tumekaa naye bega kwa bega tangu maharage yapaliliwe. Na sisi tukapimwe.

Walisimama, wakajipangusa, wakaninyanyua. Kutoka kijiweni kwenda zahanati ni mlima. Muhwezi alitangulia, akiwa na wasiwasi na ganda lake. Wodi alikuja nyuma yangu akihema kwa nguvu, mdomo wazi, mkono kifuani, na njia nzima hakutaja jina la kitu chochote.