Geti la Bibi Adlyn: Historia ya Marehemu Linval Ezekiel Dacres

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Peckham, na ninyi mliotoka Kingston na basi la alfajiri, mimi ni Icilda Dacres, dada yake marehemu, na hii ni historia ya tano ninayoisoma mbele ya jeneza la ndugu wa tumbo moja, kwa sababu nilikuwa mwalimu na ukoo huu unadhani mwalimu hachoki kusoma. Nimechoka. Tulizaliwa sita, na sijui ni nani atakayenisomea mimi, lakini hilo tuliache, leo ni siku ya Linval.

Marehemu Linval Ezekiel Dacres alizaliwa tarehe 3 Machi 1946, hapa hapa Peckham, Clarendon, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bwana Ezekiel Dacres, mkulima wa viazi vikuu, na marehemu Bibi Ivy, na mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba baba alimbeba mkunga mgongoni kumvusha mto. Alianza shule ya msingi ya kanisa mwaka 1953 na kumaliza mwaka 1961, hesabu zilimpiga chenga, ila alimchora mwalimu mkuu ukutani kwa mkaa, akachapwa viboko sita, kisha mwalimu mkuu huyo huyo akakataza mchoro usifutwe.

Januari 1962 alikwenda Kingston kujifunza kupaka rangi kwa fundi Barrington Foote, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka hamsini na miwili, makanisa, maduka, baa, nyumba za wakubwa na vibanda vya wadogo, na waliopata kumwajiri wanajua kwamba ukimwambia rangi unayoitaka yeye alikuambia rangi unayostahili. Tarehe 6 Agosti 1968 alifunga ndoa na marehemu Hyacinth Bogle, aliichagua Siku ya Uhuru ili asisahau kumbukumbu ya ndoa yake, na bado aliisahau karibu kila mwaka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Coreen, muuguzi aliyefika juzi kutoka Kanada, na Dalton, fundi mwashi wa Old Harbour, pamoja na wajukuu watano. Hyacinth alitutoka tarehe 9 Juni 2004, na historia yake pia niliisoma mimi.

Sasa nifike mwaka 1979, ambao ndio uliomfanya marehemu ajulikane na watu wasiomjua. Mwaka huo ilipigwa picha ile filamu ya reggae, Vumbi la Jumamosi, ambayo wengi wenu mliitazama mkiwa bado na meno yote, na mnakumbuka kwamba katikati ya filamu yule mwimbaji anasimama nje ya geti la bati, anagonga mdundo wa besi kwenye bati kwa kiganja, na ua mzima unaanza kuimba kutokea ndani. Geti lile lilikuwa la Bibi Adlyn Tulloch, mjane aliyekaa mpakani kabisa, upande huu chama hiki, upande ule chama kile, na ulibaki mwaka mmoja kufikia uchaguzi ule ambao sina haja ya kuwakumbusha, maana kila aliyekuwepo ana mtu aliyemzika. Mkuu wa filamu, Bwana Fairclough, alimwagiza Linval apake geti kijani, kijani cha jani la mgomba, kinachopendeza juani, na nilikuwepo, nilimpelekea chakula cha mchana, nikamsikia kaka yangu akimjibu akiwa juu ya ngazi, "Bosi, nyie mnaondoka Ijumaa, geti linabaki na Bibi Adlyn."

Kijani kilikuwa na wenyewe, watu wa chama kimoja, kama rangi nyingine nayo ilivyokuwa na wenyewe, na mtu aliweza kupigwa risasi kwa sababu ya shati. Kwa hiyo Linval alichanganya rangi yake mwenyewe, buluu iliyobaki kwenye dari la kanisa vipimo viwili, njano kipimo kimoja, nyeupe nusu, na mwishoni kijiko cha nyekundu, ambacho alisema ndicho kinachoua ukijani. Ilitoka rangi ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Bwana Fairclough alinuna siku nzima. Mwaka uliofuata mageti mawili ya jirani yalichomwa moto, la Bibi Adlyn halikuguswa, na yule mama aliishi hadi mwaka 1998 akiwaambia watu kwamba aliyemwokoa ni Mungu na Linval, kwa mpangilio huo.

Mwaka 2014 presha ya macho ilimpofusha marehemu, akarudi Peckham kukaa nami. Januari 2018 tulipigiwa simu kutoka Uingereza na watu waliokuwa wakiifufua ile filamu ili itolewe upya kwenye diski za kutazamia nyumbani, wakasema mikanda imechakaa, rangi zote zimegeuka waridi, wanaweza kurekebisha kila kitu wakipata kitu kimoja wanachokijua kwa hakika, na kitu hicho kiwe geti. Bibi Adlyn alikuwa ameshafariki, Bwana Fairclough naye hayupo, mwenye rangi alikuwa kipofu, na macho yaliyobaki duniani yaliyoliona geti lile likipakwa yalikuwa haya yangu.

Tukafanya kazi hiyo pale barazani, yeye akitaja vipimo, mimi nikikoroga na kupaka ubao, na kila ubao ulipokauka aliuliza, "Icy, ni yenyewe?" Nikasema bado. Ubao wa pili, bado. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo, na wale Waingereza wakipiga simu kila Jumatatu kwa adabu inayochosha kuliko matusi. Ubao wa tano kopo la nyekundu lilikuwa limeisha, nilikuwa nimeshakwenda May Pen mara mbili wiki hiyo, magoti yalikuwa yamevimba, mvua inanyesha, na mgonjwa anataka kuogeshwa. Nikapaka bila nyekundu. Akauliza, "Icy, ni yenyewe?" Nikasema, "Ndiyo, Lin, ni yenyewe." Alifurahi hata akaomba rum kidogo, nami nikaufunga ubao ule na kuupeleka posta.

Diski ililetwa tarehe 12 Oktoba 2019, na ndani yake kijitabu kinachomshukuru Bwana Linval Dacres kwa kuthibitisha rangi ya geti. Jumapili baada ya ibada majirani walijaa sebuleni, nikapika supu, marehemu akakaa mbele kabisa amevaa tai, akisikiliza. Lilipofika geti akaniinamia, akauliza polepole, "Ni yenyewe?" Rafiki yake wa domino, Bwana Vassell, ambaye yupo hapa na sina kinyongo naye, alipiga makofi akasema, "He, Lin! Miaka yote hii tunakaa meza moja, kumbe wewe mtu wa kijani, mzee, ulitufichia!" Watu wakacheka sana. Vassell alisema alichokiona. Lile geti pale kwenye kioo lilikuwa kijani, kijani cha jani la mgomba, kile kile alichokikataa juu ya ngazi.

Majirani walipotawanyika nilimpa uji wa mahindi, akala nusu, akasema, "Uliacha nyekundu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulichoka tu, Icy. Hata mimi ningechoka." Hakulitaja tena hadi alipokufa, na nawaambia kweli, afadhali angenitukana. Niliwaandikia Waingereza nikakiri, wakanijibu kwa adabu yao ile ile kwamba wanasikitika, diski zimekwisha kutengenezwa na kusambazwa, Kanada, Japani na kwingineko. Basi huko kote kaka yangu ni mtu wa kijani, yeye aliyeishi miaka sabini na mitatu asiwe wa mtu yeyote, na aliyemfanya hivyo ni mimi, si mwingine, ndiyo maana nimelisoma hili mbele yenu badala ya kuliruka.

Mwishoni mwa Oktoba figo zake zilianza kushindwa, alilazwa tarehe 4 Novemba, na alifariki Alhamisi tarehe 21 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Dalton akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru Daktari Munroe na wauguzi wake, hasa wale wa zamu ya asubuhi waliovumilia ubishi wake kuhusu rangi ya kuta za wodi, majirani mliokesha nasi matangani hadi usiku wa tisa baada ya kifo, mafundi rangi wenzake mliotoka Kingston, Bwana Vassell aliyeleta mbuzi, na wote waliosaidiana na Dalton kujenga kaburi.

Kaburi lilikwisha Jumatano. Alhamisi nilikwenda May Pen kununua kopo la nyekundu, nikachanganya vipimo vyote vya lile geti, kijiko cha nyekundu kikiwemo, na jana nimelipaka mwenyewe, mara mbili. Mtakapoteremka nyuma ya nyumba mtaliona, na Bwana Vassell, nakuomba uwe wa kwanza kuliangalia, halafu utuambie ni la chama gani. Msiliguse upande wa miguu, bado ni bichi.

Pumzika kwa amani, Lin. Ni yenyewe.