Jua Lililomegwa Ukutani mwa Jikoni

Ndugu waombolezaji, mtu akifungiwa jikoni katika nchi ya watu, mlango una kufuli kwa nje, pasi yake ya kusafiria iko kwa mwajiri, simu yake kuukuu haijui hata yenyewe iko wapi, na yeye hajaambiwa yuko mji gani, atawaambiaje nyumbani njooni mnichukue?

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi hapo ng'ambo ya barabara, akamaliza kidato cha nne mwaka 2013, akashona nguo kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa. Hakujaliwa ndoa, ila alijaliwa binti mmoja, huyu aliyepakatwa na bibi yake, na ni kwa ajili yake kwamba tarehe 9 Januari mwaka huu alipanda ndege pamoja na wasichana wengine wawili, wakala wa kazi za ndani ughaibuni akituapia kwamba wote wanakwenda mji mkuu wa nchi hiyo, kwa watu wastaarabu. Wastaarabu gani wanaomfungia mtu kama kuku?

Tarehe 2 Mei alituma picha ya ukuta wa jikoni, ambapo mwanga uliopenya matundu ya chujio aliloliangika dirishani ulikuwa umeanguka vipandevipande kama kucha zilizokatwa, na chini yake akaandika, "Kaka, wewe wa digrii, jua la huku limemegwa, nani kalila?" Mimi, mwenye digrii ya fizikia na sivii ya kuombea kazi iliyochakaa kuliko viatu vyangu, niliona mara moja kwamba jua lilikuwa limepatwa, nikapima lilivyomegwa, nikasoma saa iliyoonekana ukutani, nikapima kivuli cha nondo za dirisha nijue jua lilikuwa juu kiasi gani, na vitu hivyo vitatu vilipokutana kwenye ramani ulibaki mji mmoja tu, wa bandari, mwendo wa siku nzima kutoka huo mji mkuu wa wakala.

Nikapeleka jina la mji huo Wizara ya Mambo ya Nje, na afisa akacheka hadi tai ikamkaba, "My friend, hapa tunataka address, hatusomi nyota."

Mwezi huohuo Chiriku alianza kuugua kifua, akatuandikia kwamba dawa anayopewa ni kidonge cha maumivu na ndoo ya kudekia, kisha simu ikanyamaza, na tarehe 21 Juni akafariki, saa chache baada ya kufikishwa hospitali. Cheti cha kifo kimeandikwa mji uleule wa bandari.

Familia inawashukuru madaktari waliompokea akiwa amebakiza pumzi za kuhesabu, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake wa kiwandani mliomshonea nguo hii ya mwisho. Pumzika, Chiriku wetu, hakuna tena wa kukufungia mlango.

Na wewe wakala, uliyekuja na shada na miwani ya giza, wale wasichana wawili hawajatuma picha yoyote, na jua halipatwi kila mwezi. Simama utaje nyumba walizomo, mama zao wakikusikia, kabla hatujamnyanyua huyu.